Kiapo Kilichoota Ufizini

"Fungua mdomo! Kama huna kitu humo ndani, fungua watu waone!"

"Mdomo wangu si duka la Mhindi, uje kuchungulia bila kununua."

"Basi mbona umeuziba? Jua lote hili, Mama Abigael, leso ya nini? Unaona baridi ya meno?"

Mong'ina alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito, mtungi begani, sauti ameipandisha makusudi ili wanawake waliokuwa wakichota maji huko chini wasikose hata neno moja. Nyanchera alikuwa upande wa huku, miguu majini, leso ameishika kwa mkono mmoja mbele ya midomo. Waume zao walikuwa ndugu, baba mmoja mama mbalimbali, na nyumba zao zilitazamana juu ya mteremko wa Manga kama majogoo wawili.

"Nimeona nilichoona," Mong'ina akaendelea. "Ulitema makapi ya muwa pale njiani, nami nilikuwa nakuja nyuma yako. Yalikuwa mekundu. Tangu lini muwa ukatoka damu?"

"Na wewe tangu lini ukawa mwokota mate ya watu? Kuni zimekwisha msituni?"

Wanawake wa chini wakacheka. Mong'ina akaona kicheko kinaelekea upande usio wake, akautua mtungi.

"Chekeni. Lakini mnajua yeye na mume wangu waliapa. Mnajua kiapo kinamwanzia mwongo wapi. Kinaanza pale pale uongo ulipopitia." Akajigusa midomo kwa kidole. "Sasa mwambieni afungue."

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja aliyekuwa karibu na Nyanchera alisogea mbali kidogo, akijifanya anatafuta maji safi zaidi.

Jambo lenyewe lilihusu shamba la chini, lile lililo kando ya kijito, lenye udongo mweusi ambao migomba yake haijui kiangazi. Mzee Obwocha, baba mkwe wao, alipofariki, Okemwa mume wa Mong'ina alisimama akasema shamba lile marehemu alilitoa kwa nyumba ya mama yake Okemwa. Momanyi, mume wa Nyanchera, hakuwa na la kujibu. Miaka ile mzee alipogawa ardhi, yeye alikuwa Nyansiongo akikamua ng'ombe wa Mzungu. Aliyekuwepo ni Nyanchera, bibi harusi mpya, aliyembebea mzee miche ya masale asubuhi nzima naye akiichomeka mmoja mmoja kuweka mpaka. "Hapa ni kwako na mume wako," mzee alimwambia. Hakukuwa na mtu mwingine. Na masale yale Okemwa aliyang'oa mvua ya kwanza baada ya mazishi.

Wazee walipokosa shahidi mwingine, walisema: mwende kwenye omotembe. Omotembe ni mti wenye miiba kwenye shina na maua mekundu kama damu. Mwenye kuapa hupigilia kigingi kwenye gome lake na kusema neno lake, na akiwa amesema uongo, mti humfuata. Okemwa alikubali haraka, kwa kuwa alimjua ndugu yake. Momanyi alikuwa shemasi wa Wasabato, na Wasabato hawaendi kupiga vigingi kwenye miti. Okemwa alihesabu kwamba Momanyi angekataa, na kukataa kungekuwa sawa na kushindwa. Hakumhesabu Nyanchera. Nyanchera alichukua nyundo ya mumewe, akaenda mwenyewe. Kwa hilo kanisa lilimtenga mpaka atubu, naye mpaka siku ile kijitoni hakuwa ametubu, kwa sababu hakuona cha kutubia. Alikuwa amesema kweli.

Wazee walitoa muda wa mavuno mawili ya wimbi. Shamba likae bure. Atakayeshikwa na kiapo ndiye mwongo, na shamba ni la mwenzake. Mavuno ya kwanza yalipita salama. Kisha Nyanchera akashika mimba ya nne, na mwezi wa tano wa mimba hiyo kitu kikaanza kuota kwenye ufizi wake wa juu, mbele kabisa, mahali ambapo hata tabasamu dogo lingekionyesha.

"Kuna nini hapa?"

Okemwa alikuwa ameshuka mteremkoni, koti la jeshi begani ingawa hajawahi kuwa mwanajeshi. Alikuwa mtu mrefu mwenye hatua za taratibu. Mwaka mzima uliopita alikuwa amenyamaza kama mtu aliyefiwa. Akisalimiwa anaitikia kwa kichwa, akizungumza anageuka pembeni. Lakini siku za karibuni ulimi wake ulikuwa umefunguka tena, na kila alipopita alinuka karafuu kama sufuria ya pilau ya Waswahili wa mjini.

"Mke wako ananiomba nimwonyeshe mdomo," Nyanchera alisema. "Labda anataka kujifunza kuutumia."

"Huna haja ya kumwonyesha yeye, shemeji." Okemwa alitabasamu bila kuachanisha midomo. "Nimezungumza na mzee Onsongo. Jumapili wazee watakuja. Atakufungua mdomo mbele ya watu wote, kama ng'ombe anayetazamwa umri wake sokoni."

Akageuka akaondoka, na mkewe akamfuata akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

*

Nyumbani Nyanchera aliingia chumbani, akachukua kipande cha kioo cha kunyolea cha Momanyi, akanyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Kilikuwapo pale pale. Chekundu cha kuiva, laini, cha ukubwa wa tunda la kahawa, kimekaa kati ya meno mawili ya mbele kama mtoto mtundu anayechungulia uzioni. Akikigusa kinatoka damu. Akila ugali kinatoka damu. Asubuhi moja alikuta damu kwenye mto wa kulalia, akaugeuza haraka kabla Abigael, binti yake mkubwa, hajaingia.

Alikuwa ameyarudia maneno yake ya kiapo mara nyingi mno. Je, mzee alisema "kwako na mume wako", au alisema "kwenu"? Je, alikuwa anaonyesha upande wa kijito, au ule wa juu? Alipokuwa ameshika nyundo alikuwa na uhakika kama wa jina lake. Kitu hiki mdomoni kilikuwa kimeanza kumla uhakika huo, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko Mong'ina.

"Tuombe," Momanyi alisema kutoka mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mzuri kwa watoto na kwa ng'ombe.

"Omba wewe, mimi nimetengwa. Alhamisi naenda Daraja Mbili."

"Kuuza ndizi?"

"Kuuza ndizi, na kuna Mjaluo pale anayekata fizi."

Momanyi akamtazama. "Kama ni kiapo, kisu kitafanya nini?"

"Kama ni kiapo," Nyanchera alisema, "basi mti wenu hauna macho. Kesho nisaidie kukata mkungu ule mkubwa."

*

Obiero alikuwa amejifunza kazi yake jeshini, katika kikosi cha matibabu, na baada ya vita hakurudi kwao ziwani bali alikodi chumba mwisho wa safu ya maduka, palipoanza soko la Daraja Mbili. Watu walimwita dresa, mfunga vidonda. Alikuwa na kiti cha mbao chenye mahali pa kuegemeza kichwa, jiko la mafuta, sufuria ya kuchemshia vyuma, na mkewe Syprose, mwanamke mpana mwenye mikono ya mkamua nguo, ambaye kazi yake ilikuwa kushika vichwa vya watu. Mlango haukufungwa kwa ubao mchana. Lilining'inia pazia la amerikani tu, ili hewa ipite.

Nyanchera alifika mapema, ndizi akamwachia jirani. Obiero alipofungua mdomo kumsalimu, Nyanchera aliona kwamba meno yake sita ya chini hayapo, kama ilivyo desturi ya watu wake wa zamani.

"Unang'oa meno ya watu," Nyanchera akamwambia kwa Kiswahili, "na yako nani alikung'oa?"

"Mzee mmoja wa kwetu, mama, bila sindano. Ndiyo maana mimi natumia sindano." Akacheka. "Keti. Fungua."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kukitazama. Nyanchera alikaza mikono kwenye kiti, akangoja mtu huyo arudi nyuma, ashtuke, aulize aliapa nini. Obiero alikigusa kwa ncha ya chuma, akapangusa damu, akamuuliza:

"Una mimba ya miezi mingapi?"

Nyanchera akafunga mdomo. Tumbo lilikuwa bado linafichika chini ya shuka. "Nani amekwambia?"

"Hiki kimeniambia. Wanawake wenye mimba wanaota hivi, mama. Si wote. Damu inakuwa nyingi, ufizi unavimba, kidogo ukoga hapo kati ya meno, basi, kinaota. Ukizaa kitanywea chenyewe. Ungeweza kungoja."

"Siwezi kungoja. Lakini sema tena. Ni mimba tu?"

"Ni mimba tu."

Aliegemeza kichwa nyuma. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu mvua za masika kilishuka, na mahali kilipokuwa kikaingia hasira safi, iliyonyooka. Kwa hiyo alisema kweli. Mzee Obwocha alisema yale aliyoyasema. Na Mong'ina aliimba wimbo wa kanisani juu ya mimba yake.

"Kata," akasema.

Syprose alikuja nyuma akamshika kichwa kwa viganja viwili vya moto. "Usiniume, dada. Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuma."

"Mmoja wetu nani? Sisi wa Manga?"

"Mtu wa Manga. Mwanamume mzima, analia kama ndama."

Sindano iliingia. Nyanchera alihisi mdomo wa juu unakuwa mzito, kisha mnene, kisha si wake. Obiero akafanya kazi huku akiongea, kama wanavyofanya watu wa kazi hiyo ili mgonjwa asisikilize kisu.

"Ninyi watu wa Manga mnakula nini? Wewe ni kitu kidogo. Yule wa Manga, fizi za juu zote zimeoza. Zimevimba zinameza meno, usaha ukibonyeza unatoka kama maziwa. Nimemkata upande wa kulia, nikampaka unga wa dawa na mafuta ya karafuu ufunike kidonda. Upande wa kushoto ni leo. Anatumia ugoro, anauweka hapo chini ya mdomo wa juu, haoshi, miaka yote hiyo. Nimemwambia acha ugoro. Anajibu, dresa, wewe kata tu, niwe safi kabla ya Jumapili."

Kisu kilikwaruza jino. Nyanchera hakuhisi maumivu yoyote, ila masikio yake yalikuwa wazi kabisa. Karafuu. Tabasamu lisiloachanisha midomo. Mwaka mzima wa kuitikia kwa kichwa.

"Tayari," Obiero akasema, akakiweka kile kitu kwenye kisahani cha bati. Nje ya mdomo kilikuwa kidogo cha kuchekesha. "Nikitupe?"

Nyanchera alitikisa kichwa kukataa, akaonyesha kwa kidole kwamba anataka kifungwe. Syprose akakunja uso, lakini alikifunga kwenye kipande cha pamba, akampa. Obiero akamkandamizia pamba nyingine kidondani, akamwambia akae kwenye benchi mpaka damu ikatike.

Alikuwa bado hajaketi sawasawa pazia lilipopanuliwa, na Okemwa akaingia.

*

Walitazamana. Okemwa alikuwa ameshavua koti kwa ajili ya kiti, na mkono wake ukarudi nyuma kulipapasa pazia. Kisha macho yake yakashuka kwenye pamba mdomoni mwa Nyanchera, kwenye damu iliyokuwa kwenye leso, na rangi ikamrudia.

"Ah," akasema kwa Ekegusii, lugha ya kwao, ambayo Obiero na mkewe hawakuijua. "Kumbe na wewe."

Nyanchera hakuweza kujibu. Mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Okemwa alichuchumaa mbele ya benchi, karibu, ile harufu ya karafuu na chini yake nyingine iliyooza zikimfikia. Alizungumza taratibu na kwa upole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkali ili amfunge kamba.

"Sikiliza, mke wa ndugu yangu. Hujaniona hapa. Mimi sijakuona. Jumapili nitawaambia wazee kwamba Mong'ina alikosea, wanawake na maneno yao. Hawatatazama mdomo wa mtu. Na shamba tugawe. Ninyi mchukue upande wenye migomba, sisi upande wa majani ya ng'ombe. Unasemaje? Wewe una nini cha kupoteza ukikubali? Usipokubali, mimi nitasema nimekukuta hapa unakatwa, nami nilikuja kung'oa jino. Nani ataaminiwa? Wewe uliyeziba mdomo kwa leso mwezi mzima, au mimi?"

Nyanchera aliikunja leso yenye damu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Umefanya la maana," Okemwa akasema, akasimama, akapanda kwenye kiti cha mbao akilegeza shati shingoni kama mtu aliyemaliza biashara. Syprose akashika kichwa. Obiero akamchoma sindano mara tatu kwa safu, akamtumbukizia kabari ya mpira kati ya meno ya nyuma ili asiume mtu tena, na mdomo wa Okemwa ukabaki wazi, mpana, kama mlango wa ghala.

Pale benchini Nyanchera aliyaona yote. Upande wa kulia, lile donge jeupe la dawa. Upande wa kushoto, fizi nyeusi nyekundu zilizovimba kuyafunika meno nusu, zikining'inia. Alikuwa ameishi na kitu chake cha ukubwa wa tunda la kahawa akifikiri amelaaniwa. Huyu alitembea na mzoga mdomoni, na bado aliwaita wazee waje wamfungue yeye kama ng'ombe.

Upande wenye migomba. Haukuwa mpango mbaya. Mtu mwenye akili ya kawaida angeuchukua, na Nyanchera alijulikana kwa akili ya kawaida. Ndiye aliyeuza ndama kabla ya ugonjwa wa ng'ombe, ndiye aliyepanda viazi wakati wengine wanangoja mvua. Migomba ile ingelisha watoto wanne. Momanyi angemshukuru Mungu, na huko juu Mong'ina angeendelea kuimba.

Maana hilo ndilo lililokuwa ndani ya mpango ule, ukiufungua. Wanawake wa kijitoni wangebaki na makapi yao mekundu kichwani. Abigael angekwenda kuolewa siku moja, na watu wa huko wangeuliza, huyu si binti wa yule aliyeota kiapo? Na Okemwa angepona. Mwezi ujao angecheka meno nje, fizi safi za kuchongwa, na masale ya mzee yangebaki yameng'olewa na yeye ndiye mkarimu aliyegawa. Shamba na liote magugu mpaka kijitoni. Si kitu. Alitaka Okemwa aonwe, na aonwe hivyo hivyo alivyo, hajapona.

Obiero alikuwa anaanza kukata. Kazi ya upande mzima haiishi haraka. Nyanchera akasimama, akachomoa pamba mdomoni, akatoka nje bila kuaga.

*

Soko lilikuwa limejaa. Alipita kwenye mafungu ya ndizi, akampita Mong'ina aliyekuwa amekaa nyuma ya fungu lake akimngoja mumewe, na Mong'ina alipoona damu kwenye kidevu chake akapiga mluzi. "Kimepasuka!"

"Njoo uone," Nyanchera akamjibu. Mdomo wa juu ulikuwa bado umekufa, maneno yakatoka mazito kama ya mlevi. Hakusimama.

Mzee Onsongo alikuwa upande wa mbuzi, kama kila Alhamisi, ameegemea fimbo akiwatazama mbuzi ambao hakuwa na nia ya kuwanunua. Yeye ndiye aliyesimamia viapo vyao. Alikuwa mzee wa zamani hasa, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, aliyesema kwamba lugha moja ikitumiwa vizuri inatosha.

"Mzee wangu," Nyanchera alisema akiinama. "Mlikuwa mje Jumapili kuutazama mdomo. Kwa nini mngoje? Uko tayari. Upo hapa karibu."

Onsongo alimtazama damu iliyokauka kidevuni. "Umekubali wewe mwenyewe?"

"Nimekuja kukuita mimi mwenyewe."

"Hilo ni jambo zuri, binti," mzee akasema, akaanza kutembea. Watu wa Manga waliokuwa pale kwenye mbuzi wakaacha bei zao wakafuata, na waliokuwa kwenye ndizi wakauliza kuna nini, wakafuata. Wengi walikuwa wanawake. Mong'ina alifuata naye, uso umemeremeta, mpaka alipoona msafara unageuka kuelekea mwisho wa safu ya maduka. Hapo aling'amua. Nyanchera alisikia kikapu kikianguka nyuma na miguu ikikimbia.

"Si hapo! Mzee, si hapo! Mnaenda wapi?"

Nyanchera alifika mlangoni kwanza. Akavuta pazia la amerikani kwa nguvu mpaka misumari ikang'oka, mwanga wa saa sita ukaingia chumbani wote kwa pamoja.

Okemwa alikuwa kitini, kichwa nyuma, Syprose amemkaza, kabari mdomoni, damu ikimtiririka mpaka sikioni. Upande mmoja lile donge jeupe. Upande wa pili nusu imekatwa, nusu inaning'inia. Kwenye kisahani cha bati palikuwa na vipande vya fizi, na harufu ilitoka ikawafikia hata waliosimama nyuma. Mtu mmoja alisema, "Uuui."

"Mama!" Obiero akafoka kwa Kiswahili, kisu mkononi. "Hapa pa matibabu, si baraza! Toa watu!"

Nyanchera alifungua kiganja, akafunua pamba. "Mzee, hiki ni changu, kilichotoka mdomoni mwangu. Ni cha mimba. Nina mtoto tumboni, shika mwenyewe uone kama nasema uongo." Akauchukua mkono wa mzee akauweka kwenye tumbo lake, mbele ya watu wote, na wanawake wakanung'unika kukubali, kwa maana sasa waliona. "Na huyu hapa hana mimba. Muulize chake ni cha nini."

Onsongo aliinama juu ya kiti. "Okemwa," akasema polepole. "Ni nini hiki?"

Okemwa alisema, "Aaa. Aaa-aa." Alijaribu kuinuka, lakini mikono ya Syprose ilikuwa imewazuia wanaume wazito kuliko yeye. Nje Mong'ina alikuwa akipiga kelele watu wampishe, na hakuna aliyempisha.

Mzee aligeuka kwa Obiero, akaonyesha kwa fimbo yake, akauliza kwa Ekegusii: "Huyu ana nini?"

Obiero alielewa fimbo. "Ni ugoro tu, mzee," akajibu kwa Kiswahili kwa sauti iliyomezwa na kelele za Mong'ina, amechoka, anataka kumaliza kazi yake. "Ugoro na uchafu. Nikimaliza, baada ya wiki chache atapona."

Onsongo akamgeukia Nyanchera. "Amesema nini?"

Okemwa alikuwa anajua Kiswahili vizuri kabisa. Macho yake yaliganda juu ya uso wa Nyanchera. Yalimsihi. Nyanchera aliyatazama kwa kitambo kifupi tu, kadiri mtu anavyotazama kuni kabla ya kuzisukuma motoni.

"Amesema amekata fizi za watu tangu vitani," alisema kwa Ekegusii, kwa sauti ya kufika nje, akitamka kila neno kwa taratibu kwa sababu ya ule mdomo mzito, "na kitu kama hiki hajapata kukiona. Amesema anakata, na kinaota tena. Hana dawa yake."

Akamgeukia dresa. "Si ndivyo, daktari?" akamuuliza kwa Kiswahili.

"Ndivyo, ndivyo," Obiero akasema, akiitikia kwa kichwa kwa nguvu ili mzee aone, akainama tena kwenye kazi yake.